Nani Alimpiga Jicho Kanela

Hapa mtaani siku hizi nimekuwa mama mwenye roho nzuri. Nikipita kwenda kanisani, wazee wa mkahawani wananiinulia kofia na wanawake wananishika mkono, wananiambia, "Bi Garifalia, watu kama wewe wamekwisha." Wananiudhi kupita kiasi. Nimewaambia ukweli mpaka koo limenikauka, hawataki kuusikia, kwa hiyo naueleza kwa mtu asiyetujua.

Mwanangu Argiris, ambaye ndiye wa pekee niliyejaliwa, alipelekwa jeshini Florina, kule juu kwenye baridi. Wenziwe walirudi na kikohozi, yeye akarudi na mke. Mke anaitwa Domna, msichana mrefu, mkimya, mchapakazi, na ana macho ya buluu. Sasa hapa kwetu mtu mwenye macho ya buluu akikusifia kitu chako, shurti ateme mate mara tatu, la sivyo kitu kile hakifiki mbali. Hili halina mjadala. Hata kasisi ana dua yake.

Na mimi nalijua jambo hili kuliko kasisi, kwa sababu mimi ndiye ninayewaondolea watu jicho baya mtaa mzima. Sahani ya maji, mafuta ya zeituni, kidole, na maneno niliyoachiwa na babu yangu ambayo siwezi kuyasema hapa. Tone la mafuta likikaa zima juu ya maji, huna kitu, nenda kamwone daktari. Likitawanyika, umepigwa jicho, basi mimi nasoma na kupiga miayo mpaka machozi yanitoke, nawe unarudi kwako mzima.

Nina paka anaitwa Kanela, yaani mdalasini, kwa sababu ya rangi yake. Manyoya yake ni marefu, ukitaka kuona shingo yake inabidi uitafute. Alikuwa mpole wa ajabu. Watoto walimburuta, Polixeni jirani yangu alimpakata kama mtoto mchanga, na yeye anafumba macho tu. Mwezi wa Februari, Domna na Argiris walirudi kutoka hospitali na mjukuu wangu, msichana, mzima. Wao wanakaa ghorofa ya juu, mimi ya chini. Domna akasimama mlangoni pangu kupumzika, akamwona Kanela juu ya kiti.

"Mama, jamani paka huyu mzuri," akasema. "Sijaona paka mzuri kama huyu."

Akapanda ngazi zake akaenda. Mate hakutema hata tone.

Jioni ile ile nikamshonea Kanela utepe mwekundu wa shingoni, nikaubania kwa ndani shanga ya buluu yenye jicho, kwa pini, ile ya kufunga tunayowabania watoto wachanga. Unaibana kwa ndani isionekane, ndivyo inavyofanya kazi. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshika pini mkononi, nikapanda juu nikambania na mtoto shanga moja kama hiyo, nyuma ya fulana yake. Domna alikuwa ameshasema kwa mdomo wake kwamba hataki pini kwenye nguo za mwanawe. Nilimsikia vizuri. Lakini mtoto ni wake na mjukuu ni wangu, sikuona nani kati yetu ana haki kubwa zaidi.

Hapo niseme jambo lililokuwa likininyima usingizi. Mtoto asiyebatizwa kwetu hana jina, tunamwita Mtoto. Jina linasubiri kanisani. Na jina la binti wa kwanza linajulikana linatoka wapi, linatoka kwa mama wa baba. Polixeni ana Polixeni mdogo, tena wawili. Muuza mkate ana wake. Mimi nina mwana mmoja tu, na mwana huyo ana binti mmoja tu, na kama binti huyo hataitwa Garifalia basi nikifa, nimekufa moja kwa moja. Ubatizo ulikuwa umepangwa mwezi wa Agosti, baada ya sikukuu ya Bikira. Kila nikimuuliza Argiris kuhusu jina, ananiambia, "Tutaona, mama." Tutaona ni neno la mwanamume ambaye mkewe ameshasema.

Haikupita muda Kanela akabadilika. Alianza kwa kunung'unika akiguswa. Kisha akamkwaruza Polixeni mkono kuanzia kifundo mpaka kwenye kiwiko, Polixeni ambaye alimlisha kwa mkono wake tangu utotoni. Kisha akaning'ata mimi. Akawa anakaa chini ya kitanda, ukiinama kumwita anakupulizia. Nikatoa sahani yangu. Tone likatawanyika papo hapo, sijaona mafuta yakikimbia namna ile. Nikasoma, nikapiga miayo mpaka taya likaniuma. Kesho yake paka akawa mbaya zaidi.

Nikamfunga kwenye taulo, akipiga kelele kama anachinjwa, nikamwongezea shanga ya pili, kubwa. Haikusaidia. Nikamwongezea kifuko cha kitunguu saumu. Ndiyo kwanza akawa shetani kamili. Mtu mwingine angejiuliza. Mimi nilisema, lo, jicho la mwanamke huyu lina nguvu gani.

Aliyempiga mtu jicho ndiye anayeweza kulitoa kwa wepesi, akikubali kumtemea. Jumapili moja tukiwa mezani, nikamwambia Domna kwa upole kabisa, mbele ya Argiris.

"Mwanangu, mtemee paka. Mara tatu tu. Huna hasara."

Domna akaweka uma chini. "Nimtemee kwa nini, mama?"

"Ulimsifia."

"Nilimsifia kwa sababu alikuwa mzuri."

"Sisemi ulikusudia. Macho hujayaomba, umezaliwa nayo."

"Nikimtemea nimekubali kwamba nimemdhuru. Sijamdhuru." Akatazama sahani yangu ya mafuta iliyokuwa pembeni ya sinki. "Na hiyo sahani, mama, unaisuuza? Mbona ina povu la sabuni pembeni?"

Mungu wangu. Kunifundisha mimi kuosha vyombo, nyumbani kwangu, juu ya kuku niliyempika mimi. Nikamwambia kule kwao pengine mafuta ya zeituni wanayaona kwenye picha. Argiris akasema, "Mama, basi." Nikamwambia yeye anyamaze maana ndiye aliyeyaleta macho hayo. Wakanyanyuka wakapanda juu na mtoto. Jumapili iliyofuata hawakushuka kula. Wala ile nyingine.

Nikala peke yangu na paka akinigunia chini ya kabati. Mtaa mzima uliniunga mkono, lakini mtaa mzima hauna mjukuu wangu juu ya dari, unamsikia analia na huwezi kupanda. Nilijua jina langu linaondoka hivyo, Jumapili moja baada ya nyingine. Argiris aliniambia kwamba paka amekuwa wa hatari kwa mtoto, atampeleka shambani kwenye zeituni, akaishi na panya. Nikalia, nikamwambia ampeleke mkewe.

Ilipofika Juni Kanela akaacha kula. Dagaa kamili, na kichwa chake, anamtazama tu. Asubuhi ya pili nikasikia hatua kwenye ngazi. Ni Domna, mtoto begani, kikapu cha kufulia mkononi, hakusalimia vizuri.

"Mama, paka huyu anaumwa."

"Najua anaumwa. Nimekwambia tangu lini?"

"Anaumwa mwilini. Namtazama kutoka roshani kila siku anapotoka uani. Hageuzi kichwa kushoto. Anajiramba upande mmoja tu. Zamani alikuwa akiruka ukutani, sasa anasimama chini anautazama. Huyu hana hasira na mtu, kuna mahali panamuuma."

"Na wewe umekuwa daktari lini?"

"Sijawa daktari. Shika mtoto."

Akanipa mtoto. Wiki ngapi sijamshika, nikamnusa kichwa. Domna akalala kifudifudi sakafuni, akaingiza mikono chini ya kitanda na taulo, akakwaruzwa mara mbili bila kusema kitu, akamtoa paka akamtia kwenye kikapu na kufunika.

"Nakwenda kwa daktari wa wanyama," akasema. "Utakuja au utabaki?"

Nikasema nitakwenda, ila kwa sababu ya mtoto.

Daktari wa wanyama mjini kwetu ni Zisis, mtoto wa Polixeni. Nimemsomea mafuta huyu tangu akivaa nepi, na usiku wa kuamkia mitihani yake mama yake alinileta nimsomee tena, akafaulu. Tukamweka Kanela mezani.

"Hasira zimeanza lini?" akauliza.

"Tangu apigwe jicho," nikasema.

"Tangu Februari," akasema Domna.

Zisis akaandika Februari, nikamwona. Akamgusa paka mgongo, tumbo, miguu, paka anaguna tu. Alipopeleka mkono shingoni, Kanela akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mnyama, na daktari akasema kuna kitu humu, pengine jeraha, hawezi kujua kabla ya kumlaza. Akamdunga sindano ya usingizi. Akachukua mashine akaanza kunyoa.

Kwanza ukatokea utepe. Akaukata. Akatoa kifuko cha kitunguu saumu, akakinusa, akakiweka pembeni. Akatoa shanga kubwa, nayo akaiweka pembeni. Kisha akaisogeza taa karibu. Shanga ya kwanza, ile ndogo, ilikuwa haitoki. Pini yake ilikuwa imefunguka, ncha imeingia chini ya ngozi nyuma ya taya, na nyama imeota juu yake. Alipoibana kwa koleo, usaha ukatoka mwingi na harufu ikajaa chumba kizima. Kila Kanela alipogeuza kichwa, tangu Februari, ile ncha ilikuwa inamchoma. Na kila mtu aliyempapasa shingoni alikuwa anaikandamiza ndani zaidi. Nami nilimfunga kwenye taulo nikamkaza utepe.

Zisis akainua pini kwenye mwanga. "Nani kamvika mnyama kitu hiki?"

Niseme nilivyowaza, maana niliwaza haraka sana. Niliwaza kwamba huyu ni mtoto wa Polixeni. Mchana Polixeni atajua, na jioni watajua mpaka mabaharia bandarini. Niliwaza nusu ya watoto wa mji huu wamebaniwa pini na mkono wangu. Nikamhamisha mtoto bega la pili.

"Mimi," akasema Domna.

Zisis akamgeukia. Kijana ana adabu, lakini alichemka. "Dada, wewe una mtoto mdogo nyumbani, unaweza kweli kumchomeka kiumbe pini shingoni na kumsahau miezi minne? Huko kwenu ndivyo mnavyofanya?"

"Ndivyo tunavyofanya," akasema Domna.

"Basi hapa hatufanyi hivyo."

Domna akainamisha kichwa, akasemwa. Mimi nimesimama nyuma yake na mtoto mkononi. Na ndipo nikakumbuka zile pini za mtoto. Nikapitisha vidole chini ya fulana ya mtoto, mgongoni, begani, kwenye kola, tena mgongoni. Hakikuwapo kitu. Ngozi laini tu, na mtoto akacheka kwa kutekenywa.

"Nilizitoa, mama," akasema Domna kwa sauti ya chini, hakugeuka. "Kila ulipoweka. Ziko kwenye kikombe jikoni."

Alijua. Alijua tangu Februari kwamba napanda ngazi yeye akiwa bafuni, nambania mwanawe pini alizozikataza, naye anazitoa na kuziweka kwenye kikombe, na hajamwambia hata mumewe. Angemwambia, Argiris asingenikanyagia mlango tena. Na mimi nilikuwa nikimtangaza mtaani. Niliona aibu ya kweli. Nikasogea mpaka kwenye meza.

"Zisis, mwanangu, pini ni yangu. Niliiweka mimi, kwa mkono wangu, na zile nyingine pia."

Zisis akanitazama. Akavua glavu, akanishika bega, na uso wake ukalainika kabisa.

"Bi Garifalia, mama yangu ameniambia yote unayopitia na huyu. Na bado unamkingia kifua."

"Simkingii mtu kifua. Shanga nimenunua mimi. Utepe nimeshona mimi, tazama mshono, si unaujua mshono wangu? Nilikushonea kanzu ya ubatizo."

"Haya, mama. Haya." Akamtazama Domna kwa ukali. "Mama mkwe kama huyu ungempata wapi wewe?"

"Hata mimi sijui," akasema Domna.

Tulirudi kwa miguu. Kanela amelala ndani ya kikapu na shingo iliyonyolewa, bandeji nyeupe. Nilikuwa nawaka moto. Nikamwambia Domna nitakwenda kwa Polixeni sasa hivi, nitasimama uani nimweleze kila kitu, na wewe utakuwapo useme ni kweli.

"Nani ataniamini mimi?" akasema. "Nina macho ya buluu."

Akaanza kucheka. Sikuwahi kumsikia akicheka, ana kicheko cha kiume, watu wakageuka. Mimi sikuweza kucheka.

Kwa Polixeni nilikwenda. Nilimkuta ameshapigiwa simu na mwanawe, macho yamemlowa, akanikumbatia kabla sijafungua mdomo. Nikamwambia ni mimi, akasema, "Ndiyo, Garifalia, ni wewe, ni wewe, kaa chini unywe maji." Nikagonga meza. Akaniambia nipunguze kujitesa kwa ajili ya watu wasio na shukrani.

Usiku ule nikapanda ngazi nikagonga mlango, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, nilizoea kuingia. Argiris alikuwa amelala kwenye kochi mbele ya televisheni. Domna alikuwa jikoni anasafisha mikwaruzo ya mikononi kwa spiriti. Nikachukua pamba nikamsafisha mimi.

"Domna," nikasema, "mtoto mpe jina la mama yako."

Nilijua mama yake alikuwa anaitwa Sultana, na kwamba alikufa yeye akiwa bado anasoma shule. Zaidi ya hapo sikuwahi kuuliza.

"Mama, jina tulishakubaliana tukiwa hospitali," akasema. "Ni lako. Argiris alitaka ulisikie kanisani kwa mara ya kwanza, akasema anataka kukuona uso. Ndiyo maana alikuwa anakwambia tutaona."

Nikakaa kwenye kiti. Miezi minne nililia jina lililokuwa langu, na nikamchafua mtu aliyenipa. Ningeweza kunyamaza. Nakiri roho yangu iliniambia ninyamaze, ikaniambia kwa sauti kubwa. Garifalia mdogo alikuwa amelala chumba cha pili.

"Na baada ya mambo yale ya mezani?" nikauliza. "Bado langu?"

"Bado. Sikuwahi kulibadilisha."

"Basi wewe umenipa jina hilo, na mimi sina kingine cha kukupa ila hilo hilo. Mpe la mama yako. Usibishane nami, nimechoka."

Domna alifunika uso kwa ile mikono iliyokwaruzwa akalia bila sauti, mabega yanatikisika, na mimi nikalia pia, nusu kwa ajili yake na nusu, nisidanganye, kwa ajili ya Garifalia mdogo ambaye hatakuwepo.

Mtoto alibatizwa Sultana. Jina lilipotoka mdomoni mwa mama wa ubatizo, kanisa zima likashusha pumzi kwa pamoja, na nyuso zote zikanigeukia kunipa pole. Chakulani kwenye hoteli ya bandarini walipanga foleni. Nikawaambia nimetoa mwenyewe. Wakaniambia wanajua, wanajua, moyo wangu ulivyo. Polixeni alikaa pembeni yangu akinikatia nyama ya kondoo kama mgonjwa.

"Kamtesa paka, umemfichia," akaninong'oneza, ila mnong'ono wake unasikika meza tatu. "Sasa kakunyang'anya na jina. Na wewe unatabasamu."

"Sijafichia mtu. Kula."

Domna alikuja kutoka upande wa pili, akaniwekea mtoto mapajani akaenda kuwaongezea wageni divai. Wanawake wakasogea kumtazama Sultana na gauni lake jeupe. Wakamtemea mate, wakamsifia. Kisha nikaona macho ya Polixeni yanatafuta, kwenye kola, kwenye mkono, kwenye kofia, na mkono wake ukaja ukapapasa mgongo wa mtoto kwa nje.

"Mtoto hana shanga?" akasema. "Siku kama ya leo, mbele ya watu wote hawa, hana hata shanga moja?"

"Hana," nikasema. "Nimekataza mimi."

Wote wakageuza shingo wakamtazama Domna.